Kituo cha serikali, misheni, kliniki ya asasi au duka la dawa: kijana wa Uganda agonge mlango upi?

"Anti, nikienda pale, watampigia mama simu?"

Swali hilo nimeulizwa kwenye foleni ya maji, sokoni, hata msibani. Mimi ni VHT, mhudumu wa kujitolea wa afya ya kijiji, upande wa Uganda wa mji wa Busia, mpakani na Kenya. Huku Kiswahili ndicho kinachotuunganisha Wasamia, Wateso, Waganda, madereva wa malori na akina mama wanaovuka mpaka na mafurushi mara tatu kwa siku. Anayeuliza huwa na miaka 16, 17 au 19. Kuhusu dawa huwa haulizi chochote. Anataka kujua mlango upi hautamwaibisha.

Kila mmoja nimekuwa nikimjibu kipande kipande, kutegemea nina dakika ngapi. Leo naandika jibu zima, nikiiweka milango yetu bega kwa bega: unachokipata, unacholipa, nani atakuona, na sheria inasemaje. Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kuwatisha vijana, mara nyingi na watu ambao hawajaisoma.

Sheria na sera ni karatasi mbili

Kanuni ya Adhabu ya Uganda inasema kulala na mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la kunajisi, akubali asikubali. Marekebisho ya 2007 yaliipanua: mtuhumiwa anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, na adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Kama mtoto ana chini ya miaka 14, au mkosaji ni mzazi, mlezi au mtu mwenye VVU, kosa linahesabiwa kuwa zito zaidi na adhabu inaweza kufika kifo. Wote wawili wakiwa watoto, shauri linashughulikiwa kwa njia ya Sheria ya Watoto. Ndoa nayo, kwa Katiba ya 1995, ni kuanzia miaka 18.

Sasa rudia kusoma taratibu. Sheria hiyo inamfuata aliyelala na mtoto. Haina mstari unaomkataza musawo, yaani mhudumu wa afya, kumpa msichana wa miaka 17 kondomu, kidonge, kipimo au ushauri. Watu wamezichanganya hizo mbili hadi zimekuwa kitu kimoja: "Wewe bado mdogo, sheria hairuhusu." Sheria hairuhusu nini, kwa nani? Uliza hivyo na utaona mtu akianza kupangapanga makaratasi yake.

Karatasi ya pili ni sera. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2006 kuhusu viwango vya huduma za afya ya uzazi unasema kwamba mtu yeyote, wa kike au wa kiume, aliyeanza ngono na anayehitaji uzazi wa mpango anastahili kupewa, mradi ameelezwa na kushauriwa vizuri. Unaongeza kuwa haitakiwi idhini ya mzazi, mlezi wala mwenzi, iwe ya mdomo au ya maandishi, isipokuwa kwa mtu asiyejiweza kuamua. Kabla ya hapo, mwaka 2004, nchi ilikuwa imeshapata sera ya afya ya vijana balehe. Na kwenye kipimo cha VVU, mwongozo wa wizara unamruhusu mtoto wa miaka 12 na zaidi kukubali mwenyewe kupimwa, bila sahihi ya mzazi.

Tofauti ya karatasi hizi mbili si ya kisomi tu. Sheria hupita Bungeni na kukaa. Sera ni agizo la wizara, na agizo linaweza kusimamishwa asubuhi moja. Mwongozo wa kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama ulitoka 2015, na miezi michache baadaye ukarudishwa kabatini baada ya viongozi wa dini kupinga. Elimu ya jinsia shuleni ilipigwa marufuku 2016, mfumo mpya wa elimu hiyo ukazinduliwa 2018, ukapingwa nao, na Novemba 2021 Mahakama Kuu ikaamuru serikali itengeneze sera yake. Kwa hiyo musawo akisita, si kila mara ni roho mbaya. Mwingine amesoma mwongozo mmoja chuoni, akasikia redioni kuwa mwingine umefutwa, na hajui bosi wake anafuata upi.

Wakati huo huo tumbo halisubiri mwongozo. Utafiti wa kitaifa wa 2011 ulikuta asilimia 24 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshaanza kuzaa au wana mimba. Wa 2016 ukakuta 25. Wa 2022, tena 24. Miaka kumi na moja, robo ile ile.

Kuhusu siri, niseme ukweli hata kama unauma. Haki ya kutunziwa siri imo kwenye mkataba wa haki za wagonjwa, na musawo mzuri hampigii mama simu. Lakini Sheria ya Watoto inamtaka mwananchi mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa baraza la eneo lake. Msichana wa miaka 13 akija na mimba, au mtoto akisema mjomba anamlazimisha, hiyo haitabaki chumbani, na mimi mwenyewe sitainyamazia. Kijana wa miaka 17 anayeuliza kuhusu kondomu ni jambo jingine kabisa.

Kituo cha serikali

Huu ndio mlango mpana kuliko yote. Ada za matibabu zilifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, hivyo uzazi wa mpango, kipimo cha VVU, dawa za VVU na kliniki ya wajawazito ni bure. Dawa zina alama ya serikali kwamba haziuzwi. Ukiambiwa ulipie kidonge chenye alama hiyo, unaibiwa. Mkimbizi kutoka Kongo anayeishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali ana haki ya huduma hizo hizo kama raia.

Ngazi zina maana. Kituo cha ngazi ya II ni kidogo, hutibu magonjwa ya kawaida, na njia za uzazi wa mpango hapo ni chache. Ngazi ya III ina wodi ya kuzalishia, maabara na wakunga, na hapo ndipo vijana wengi wanapaswa kulenga: sindano ya miezi mitatu, vidonge, kijiti cha mkononi cha miaka mitatu au mitano, kitanzi, vipimo. Ngazi ya IV ina chumba cha upasuaji. Mara nyingi ni afadhali kupanda boda hadi ngazi ya III kuliko kuridhika na ngazi ya II iliyo karibu.

Udhaifu wa mlango huu ni macho ya watu.

Mwaka juzi nilimsindikiza msichana wa miaka 17 hadi kituo kimoja ambacho sitakitaja. Tulifika saa mbili asubuhi, benchi limejaa. Mkunga akatoka mlangoni na sauti ya mtu anayeita abiria stendi: "Wa sindano huku! Wajawazito kule!" Msichana wangu akainuka nusu. Kwenye benchi la pili alikuwa amekaa mama anayeimba kwaya moja na mama yake. Akakaa tena. Ilipofika zamu yake akasema ana homa. Wakamchoma kidole, malaria hakuna, akapewa Panadol, tukarudi nyumbani. Daftari lake likaandikwa "homa".

Daftari ndiyo hatari ya pili. Wageni hushangaa, lakini sisi tunajua: kwenye vituo vyetu unaenda na daftari lako la shule, musawo anaandika humo ulichoumwa na ulichopewa, unarudi nalo nyumbani. Siri yako inalala chini ya godoro, na godoro lile mama hulianika jua kila Jumamosi. Nimeona ugomvi mkubwa wa familia ukianzia kwenye ukurasa wa nne wa daftari. Sera inaweza kusema siri hadi ikauke mate, daftari halijaisoma.

Dawa ya udhaifu huo ni ndogo ndogo. Nunua daftari la pili, la uzazi wa mpango peke yake. Usiende asubuhi, kuanzia saa nane mchana benchi huwa jeupe na mkunga ana nafasi ya kukusikiliza. Usiende na sare ya shule. Uliza kama kituo kina kona ya vijana, maana vingine vina chumba na siku yao, ingawa kwingine kona imebaki kibao ukutani na chumba kimejaa maboksi ya vyandarua. Na usikubali "hakuna" bila kuuliza swali la pili: hakuna leo, au hakuna kwa umri wangu? Hakuna leo ni kweli mara nyingi, dawa huisha. Hakuna kwa umri wako si kauli ya wizara. Jibu kwa heshima: "Musawo, mwongozo haudai mzazi. Naomba unishauri." Nimeona sentensi hiyo ikifanya kazi. Nimeona pia ikishindwa.

Hospitali ya misheni

Hapa tuseme bila kuzungukazunguka: kwa kujifungua, kliniki ya wajawazito, matibabu ya VVU na maabara, hospitali za dini ni miongoni mwa bora nchini. Wakunga wapo, vitanda vina shuka. Unalipa, lakini kwa kawaida chini ya hospitali ya mtu binafsi.

Lakini usizihesabu zote kuwa sawa. Vituo vya Kanisa Katoliki havitoi vidonge, sindano, vijiti wala kidonge cha dharura, kile cha kuzuia mimba baada ya ngono. Vinafundisha njia za asili za kuhesabu siku. Vya Kiprotestanti na vya Kiislamu vingi vinatoa njia za kisasa, baadhi kwa walioolewa tu kwa desturi ya mahali. Hakuna sheria inayokulazimisha uende huko wala inayowalazimisha wao wabadilike. Kwa hiyo swali la kuuliza ni la getini: "Mnatoa sindano ya uzazi wa mpango?" Likijibiwa hapana, ondoka bila kinyongo. Dada mmoja alipoteza siku mbili kati ya tatu alizokuwa nazo za kupata kidonge cha dharura kwa sababu aliamini hospitali kubwa lazima iwe na kila kitu.

Kliniki ya asasi

Huu ndio mlango ninaoupenda kwa vijana, na ndio ulio mbali kuliko yote. Chama cha Reproductive Health Uganda kimekuwepo tangu 1957, na kina vituo kwenye miji kadhaa. Marie Stopes wana kliniki mijini na timu zinazozunguka vijijini na mahema. Kampala kuna kituo cha vijana cha Naguru, kilichoanzishwa 1994 kwa ajili yao hasa, ambapo kijana hapangi foleni na wajawazito.

Unapata kitu ambacho milango mingine haina: mtu aliyefundishwa kuongea nawe. Atakuuliza unaishi na nani, kama unalazimishwa, kama unajua dalili za magonjwa ya zinaa. Kadi hubaki kwao, huendi nayo nyumbani. Bei imepunguzwa na wafadhili na siku za hema mara nyingi ni bure.

Hasara ni nauli, na kutotabirika. Ufadhili ukiisha, kliniki inafungwa na namba ya simu haipatikani. Hema nalo lina shida yake: likisimamishwa uwanjani pa kanisa kijiji kizima kinajua ni la nini. Ukitaka kijiti au kitanzi, safari moja ya namna hii inatosha kwa miaka mitatu na zaidi, na hapo nauli inageuka rahisi. Ukitaka sindano kila miezi mitatu, piga hesabu upya.

Duka la dawa

Ukweli ni kwamba vijana wengi wanaanzia hapa. Hakuna benchi, hakuna daftari, hakuna "mama yako ni nani?" Unaingia kama unanunua dawa ya kikohozi, unatoka.

Tofautisha famasi na duka dogo la dawa. Famasi ina mtaalamu wa dawa na inaruhusiwa kuuza dawa za cheti. Duka dogo la mtaani limeruhusiwa dawa za kawaida tu. Vyote viwili vinapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya mwaka huu, imetundikwa mahali unapoiona. Kondomu, vidonge vya kila siku na kidonge cha dharura utavipata, na wasichana wa hapa kwetu kidonge cha dharura wanakijua kwa jina la Postinor kuliko jina la mbunge wao.

Ninachokilalamikia duka la dawa ni ukimya. Muuzaji hakupimi presha, hakuulizi kama unanyonyesha, hakuambii kwamba kidonge cha dharura si cha kila wikendi wala hakizuii VVU. Wapo wazuri, namjua mmoja anayemkalisha mteja kwenye kreti la soda na kumweleza dakika kumi. Ni mmoja. Wengine wanauza chini ya kaunta vidonge vya kutoa mimba kwa msichana mwenye mimba ya miezi minne, bila kumwambia nini kitatokea usiku. Hapo ndipo bei rahisi inapogeuka damu, na nimebeba mtu kwenye boda saa nane usiku kwa sababu ya kaunta kama hiyo. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na pakiti isiyofunguliwa. Kwa kondomu na kidonge cha dharura, nenda. Kwa kitu chochote kinachoingia mwilini kwa miezi, anza kwa mkunga.

Na mimi, VHT

Sisi hatuna mlango, tuna mfuko. Ndani yake kuna kondomu na, kwa waliofunzwa, vidonge na sindano ile ndogo ya kuchoma chini ya ngozi ambayo hata mwenyewe unaweza kufundishwa kujichoma. Ni bure. Faida yetu ni kwamba tuko karibu. Hasara yetu ni hiyo hiyo. Najua baba yako anadaiwa na nani dukani; unaniamini kiasi gani? Kama huniamini, usinitumie. Sitachukia. Niulize tu mlango upi uko wazi leo, maana hilo najua.

Unapokuwa unahesabu saa

Yote niliyolinganisha hapo juu yanafaa mtu mwenye wiki. Mwenye saa hana anasa ya kuchagua.

Kondomu ikipasuka, kidonge cha dharura kinafanya kazi vizuri zaidi mapema, ndani ya saa 72. Duka la dawa linatosha. Lakini kama una wasiwasi wa VVU, duka halina unachohitaji: dawa za kuzuia maambukizi lazima zianze ndani ya saa 72, zinamezwa siku 28, na zinapatikana kituo cha serikali cha ngazi ya III au IV au hospitali. Kila saa ina thamani, usingoje Jumatatu.

Mtu akibakwa, nenda hospitali ya serikali kwanza, bila kuoga ukiweza, na nguo ulizovaa uziweke kwenye mfuko wa karatasi. Tiba haingojei polisi. Fomu ya polisi namba 3A ndiyo inayojazwa na musawo kwa kosa la kingono, na inaweza kufuata. Wazazi wengi wa hapa huanza kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, LC anaita familia ya pili, wanaketi, wanazungumzia mbuzi na pesa, na saa 72 zinapita mtoto akiwa amekaa jikoni. Hilo ni kosa lisilosuluhishwa na LC, kisheria, na linalouma zaidi ni dawa iliyopitwa. Simu ya watoto, 116, ni bure na ipo hata kama mzazi ndiye tatizo.

Mimba ikishaingia

Hapa uchaguzi unapungua, na kwa sababu tuko mpakani uongo unaongezeka. Vijana wetu wanasikiliza redio za Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu kutoa mimba pale mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini. Hiyo ni ng'ambo ile ya geti. Upande huu, Katiba yetu inakataza isipokuwa sheria itakavyoruhusu, na Kanuni ya Adhabu inaadhibu anayetoa, anayetolewa na anayetoa dawa. Kinachokubalika wazi ni upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Mwongozo wa wizara wa 2006 ulitaja hali zaidi, zikiwemo kubakwa, kunajisiwa, na mimba ya ndugu wa karibu (maharimu), lakini madaktari wengi hawathubutu kuutegemea kwa sababu ni sera juu ya sheria ya jinai. Ukiuliza mimi, hii ndiyo sehemu mbovu kuliko zote za mpangilio wetu: karatasi mbili zinavutana na aliye katikati ni mtoto wa miaka 15.

Lakini shika hili moja: mimba ikiharibika, kwa sababu yoyote, matibabu yake ni halali. Damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo, nenda ngazi ya III au IV usiku huo huo. Kumtibu mwenye damu si kosa, na kazi ya musawo ni kuokoa maisha.

Anayeibeba mimba, chaguo ni kati ya kituo cha serikali na misheni, na hapo mimi husema: fuata mkunga, si jengo. Mama mdogo wa miaka 15 anahitaji kuwa karibu na chumba cha upasuaji, kwa hiyo ngazi ya IV au hospitali. Kliniki ya wajawazito atapimwa VVU siku ya kwanza. Baadhi ya vituo humdai msichana aje na mume au barua ya LC. Mwenzi anahimizwa aje, lakini si tiketi ya kuingilia.

Na shule? Zamani jibu lilikuwa fupi: sanduku lako hili, nenda. Mwongozo wa Wizara ya Elimu uliorekebishwa 2020 umebadilisha hilo kwa nusu. Unadai wasichana wapimwe mimba shuleni mara kwa mara, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo. Aliye na mimba anapewa likizo ya lazima kuanzia miezi mitatu ya mimba, na kurudi mtoto akifikisha miezi sita. Mvulana mwanafunzi aliyehusika naye anatakiwa akae nje kwa kipindi hicho, ili mzigo usiwe wa mmoja. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili ya korona, walirudi wasichana wenye matumbo na wenye watoto migongoni, na wizara ikasema wapokelewe.

Linganisha shule kama unavyolinganisha hospitali. Ya serikali inafungwa na mwongozo. Mwalimu mkuu akikataa, mzazi aende ofisi ya elimu ya wilaya akiwa ametaja mwongozo wa 2020 kwa jina. Ya binafsi au ya kanisa inaweza kukuzungusha hadi uchoke. Mzazi mwenye hasira hapendi kusikia hili, lakini mwaka mmoja na kidogo nje ya darasa si mwisho wa shule. Nina mpwa aliyerudi kidato cha tatu na mtoto akamwachia bibi.

Kama ningekuwa na miaka 17 leo

Kondomu ningechukua popote. Kidonge cha dharura, famasi yenye leseni. Kipimo cha VVU, serikali, kwa sababu dawa zake ziko hapo hapo. Njia ya muda mrefu, ningengoja siku ya hema la asasi kama liko ndani ya mwezi; kama haliko, ngazi ya III, mchana. Kujifungua, misheni kama kuna pesa, serikali ngazi ya IV kama hakuna. Rafiki yako anaweza kupanga tofauti na asiwe amekosea. Anayeishi jirani na mkunga mwenye mdomo mrefu ana haki ya kutembea kilomita kumi.

Yule msichana wa Panadol alirudi kituo kile kile wiki mbili baadaye. Saa nane na nusu mchana, Alhamisi, bila mimi. Alinisimulia kwamba mkunga yule yule wa sauti ya stendi alikuwa peke yake, anakula muhogo. Akamfutia kiti, akamuuliza umri, akampima presha, akamweleza njia tano, na hakumuuliza mama yake ni nani. Dakika 20. Daftari alilokwenda nalo lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya kaki, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: KEMIA.